Kabla Ununue Tochi ya Soo Mbili, Skiza Hii Historia

Oktoba 2019, usiku wa mvua, stima imepotea Malaba. Mathe alikuwa kando ya barabara kuu akiuzia madereva wa malori chai na chapati, kazi ambayo amefanya tangu nikiwa darasa la pili. Dereva mmoja akala ya 150, akatoa noti ya thao. Mathe akaimulika na tochi yake, akaona rangi ya kahawia, akarudisha chenji 850. Lori likaenda.

Asubuhi ndio tukaona. Noti ilikuwa ile ya zamani, yenye sura ya Mzee Jomo Kenyatta, na Benki Kuu ilikuwa imezifuta hizo noti tarehe 30 Septemba. Thao nzima ikawa karatasi. Kwa mtu anayeuza chapati, hiyo ni faida ya siku kadhaa.

Majirani walisema mathe alizembea. Mimi mpaka leo nasema makosa ni ya tochi. Alikuwa ameinunua soo mbili wiki tatu kabla, na tayari ilikuwa inatoa mwanga dhaifu wa samawati, ule unaofanya kila kitu kifanane na maji ya kufulia. Kwa huo mwanga hata mimi ningechukua hiyo noti.

Tangu hiyo siku nimekuwa nikifuatilia historia ya mwanga, na wadau, kuna kitu kinajirudia. Mtu wa mapato ya chini hapa mpakani hajawahi kununua mwanga kwa bei rahisi. Ananunua kidogo kidogo, na ukijumlisha hizo kidogo kidogo, analipa kuliko mwenye pesa. Tochi ya soo mbili ni mtindo mpya tu wa hiyo hadithi ya zamani.

Tuanze na koroboi

Kama ulizaliwa juzi, koroboi ni kikopo cha bati, utambi wa pamba na mafuta ya taa. Ukivuka daraja uingie Uganda wanaiita tadooba, lakini moshi ni ule ule. Nyanya yangu aliitumia karibu maisha yake yote. Hakuwahi kununua mafuta kwa lita. Alitumwa mtoto na chupa ndogo, anapimiwa ya leo, kesho anatumwa tena. Mwenye pesa alinunua mtungi mara moja na akalala. Nyanya alinunua kila jioni, kwa bei ya rejareja, na bado akapata kikohozi cha bure.

Hapa ndio panauma. Mwaka 1954 bwawa la Owen Falls lilifunguliwa kule Jinja, na kufikia mwisho wa miaka ya 1950 stima yake ilikuwa inauzwa Kenya. Nyaya zilitoka Tororo, zikavuka mpaka upande wetu huu, zikaelekea Lessos na mwisho Nairobi. Yaani umeme wa kuwasha jiji ulikuwa unapita sehemu zetu, na vijiji vilivyo chini ya hizo nyaya vinawasha koroboi. Stima ilitupita kama basi la moja kwa moja.

Halafu mwaka 2018 serikali ikaongeza ada ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa. Sababu waliyotoa ilikuwa ya maana: kuna watu walikuwa wanachanganya mafuta ya taa na dizeli ndio wapate faida. Lakini enyewe, aliyelipa hiyo ada ni nani? Ni mtu wa koroboi, ambaye hana hata baiskeli, sembuse tangi la dizeli.

Enzi ya mawe

Tochi yenyewe ni ya zamani kuliko vile unafikiria. Mwaka 1899 David Misell, mvumbuzi aliyekuwa New York, alipata hataza ya tochi ya kushikwa mkononi: bomba, betri ndani, balbu mbele. Betri za wakati huo zilikuwa dhaifu hadi huwezi kuiacha ikiwaka. Unawasha kidogo, unazima, inapumzika. Kampuni iliyochukua huo uvumbuzi ndiyo ilikuja kujulikana kama Ever Ready.

Hilo jina unalijua. Mwaka 1967 kiwanda cha Eveready kilianza Nakuru, na kwa miaka mingi mawe yenye alama ya paka yalikuwa kila duka la kijijini. Mwalimu wa Kiswahili alitufundisha kusema kurunzi na betri. Sokoni ni tochi na mawe, na ukiomba kurunzi utaangaliwa mara mbili.

Sasa piga hesabu ya hiyo enzi. Tochi ya bati ilidumu miaka, hilo sikatai. Ila balbu ya waya ilikuwa inageuza sehemu kubwa ya nguvu ya mawe kuwa joto, na mwanga ukabaki kidogo. Kwa hivyo gharama haikuwa tochi, ilikuwa ni mawe. Na mawe hayo hayo ndiyo ya redio. Familia ilikuwa inachagua: taarifa ya saa moja ama mwanga wa kwenda choo. Ndio maana wazee wetu walikuwa wanaanika mawe juani na kuyauma kwa meno, angalau yatoe usiku mmoja zaidi. Sisi tunacheka hizo stori, lakini ile ilikuwa bajeti.

Walioepuka huo mtego kidogo ni watu wa baiskeli. Unajua boda boda ilianza huku kwetu, Busia na Malaba, watu wakibebwa kwa baiskeli kutoka boda moja hadi nyingine miaka ya 1960 na 1970. Baiskeli yenye dainamo ilitoa mwanga kwa nguvu ya miguu. Hakuna mawe. Shida ni moja tu: ukisimama, giza.

Kiwanda cha Nakuru kilifungwa mwaka 2014. Kampuni ililaumu bidhaa za bei ya chini kutoka nje na zile feki.

Mulika mwizi

Mwaka 2003 Nokia walitoa simu ya 1100. Kimo chake kilikuwa cha kitenge cha sabuni, ikianguka unaokota unaendelea na stori, na juu kabisa ilikuwa na katochi. Wakenya wakaipa jina: mulika mwizi. Zaidi ya milioni 250 ziliuzwa duniani, na kwa maoni yangu nusu ya sababu ni hako katochi.

Kwa nini ilifaulu? Kwanza, taa yake ilikuwa LED ndogo inayokula chaji kidogo sana. Pili, hukununua mwanga kando, ulikuja na kitu ambacho ungenunua tu. Na tatu, ilidumu. Mara ya kwanza kwa historia, mtu wa kawaida alipata mwanga mzuri bila kuulipia kila wiki.

Usiniambie ati sai una simu kubwa yenye tochi kali. Simu ya elfu 15 ukiitoa usiku kando ya barabara ndio uone chenji, unammulikia mwizi njia. Na chaji ikiisha, M-Pesa imeisha nayo.

LED ya kweli na LED ya kuchomea watu picha

LED si utapeli, tuelewane. Nyekundu ilikuwepo tangu 1962. Iliyosumbua wanasayansi ni ya bluu, na bila bluu hupati nyeupe. Wajapani watatu, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, ndio waliifungua hiyo njia, na wakapewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Taa nyeupe ya LED kwa kawaida ni chembe ya bluu iliyofunikwa na unga wa manjano. Bluu ikichanganyika na manjano, jicho linaona nyeupe. Unga ukiwa hafifu, mwanga unaegemea bluu na rangi za vitu zinapotea. Hiyo ndiyo iliyommaliza mathe.

Tochi za LED zilipofurika masoko yetu, watu walidhani mateso ya mawe yameisha. Mwaka 2009 watafiti wa mradi unaoitwa Lumina walinunua hapa Kenya aina tatu za tochi za LED za kuchaji, zile za kawaida, wakazipima kwa maabara. Zote zilishindwa kufikia kile kilichoandikwa na waliozitengeneza. Hata tochi mbili za aina moja hazikufanana. Hofu yao ilikuwa kwamba bidhaa mbaya zitaharibu soko: mtu akichomwa mara mbili, hata ile nzuri ikija ataikataa.

Nyingi za zile tochi za plastiki unazochomeka moja kwa moja ukutani zina betri ndogo ya asidi na risasi. Hiyo betri haipendi kuachwa ikiwa tupu. Ikikaa wiki kadhaa bila chaji, inakufa polepole, na ukiifungua fundi anakwambia nunua nyingine. Kwa hivyo tochi yenyewe imekuwa ndiyo mawe. Unaitumia, inaisha, unatupa, unanunua tena.

Mathe huandika kila kitu kwa daftari. Nilihesabu: kutoka Januari hadi Oktoba 2019 alinunua tochi tano za soo mbili. Hiyo ni thao. Ongeza na ile noti, elfu mbili. Na bado alikuwa gizani.

Lakini pesa haiko

Najua utasema: buda, kama angekuwa na 800 mara moja si angenunua nzuri? Ni kweli, na hapo ndipo sipendi watu wanaomwambia maskini ati hajui kuchagua. Mathe alijua. Alikuwa anapata ya leo, anatumia leo. Soo mbili inapatikana jioni moja. Mia nane haipatikani.

Tulichofanya ni rahisi. Baada ya ile noti, mathe alitenga mbao kila siku kwa mkebe, siku 40. Mwanzo wa Desemba tukanunua tochi ya 800. Mwaka 2022 betri ilichoka, fundi akaweka nyingine kwa 250. Tarehe 25 Agosti 2023, stima ilipopotea karibu nchi nzima na hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukaingia giza, ile tochi ilikuwa inawaka mezani kwetu. Karibu miaka minne, 1,050. Zile tano za soo mbili hazikumaliza hata mwaka.

Kwa hivyo kidogo kidogo si adui. Adui ni kidogo kidogo isiyoisha.

Ukienda kununua

Uliza betri kwanza, kabla ya kuuliza inamulika mbali aje. Tafuta yenye betri ya lithiamu unayoweza kutoa, ile iliyoandikwa 18650. Hiyo namba ni ukubwa tu, milimita 18 kwa 65. Betri ya huo ukubwa, hata zile nzuri, huzunguka 3,500 mAh ama chini. Ukiona imeandikwa 9,900, rudisha. Mtu anayedanganya kwa betri atadanganya kwa kila kitu.

Pili, angalia inachajiwa na waya wa simu. Waya uko kila nyumba. Ukiwa na paneli ndogo ya sola, utaichaji hata stima ikilala siku mbili.

Tatu, bonyeza swichi mara ishirini papo hapo mbele ya muuzaji. Akikasirika, umepata jibu.

Nne, na hii ni ya mathe. Toa noti ya 100 na ya 200. Moja ni zambarau, nyingine ni bluu. Ingia kona yenye giza umulike. Zikifanana, hiyo tochi ni ya kukuibia. Na kama kazi yako ni ya mezani, kuuza ama kusoma, chukua yenye mwanga mpana. Ile ya kupiga kilomita mwachie askari.

Mwisho, gawanya bei kwa miezi. Soo mbili kwa miezi miwili ni soo kwa mwezi. Mia nane kwa miaka mitatu ni kama shilingi 22 kwa mwezi. Hapo ndio utajua ni gani ya bei rahisi.

Nyanya alilipia giza kwa chupa ndogo, wazee wakalilipia kwa mawe, na mathe kwa tochi tano na noti moja iliyokufa. Ile noti bado iko, ameibandika ndani ya jalada la daftari. Sisi tuna hesabu zao zote mbele yetu. Tukiendelea kulipa vile vile, hiyo sasa ni juu yetu.