Nani Achaguliwe Kusomea Ubingwa? Hoja Kutoka Tabora

Adrien Atiman hakuomba nafasi ya kusomea tiba. Alizaliwa karibu na Timbuktu, akatekwa utotoni, akavushwa Jangwa la Sahara, hadi Mapadre Weupe walipomkomboa kwa fedha huko Algeria. Mwanzilishi wao, Kadinali Lavigerie, alikuwa akitafuta vijana wa Kiafrika wa kusomeshwa utabibu kisiwani Malta, kisha wapelekwe bara wawe waganga na makatekista, na Atiman akawa mmoja wao. Mwaka 1889, baada ya kuifuata njia ya misafara kutoka pwani, alifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Akaoa huko, akazeeka huko, akatibu watu wa huko mpaka alipofariki mwaka 1956. Miaka 67, kituo kimoja.

Uteuzi wake haukuwa wa haki, na sitaki usifiwe hivyo. Kijana aliyekombolewa kwa fedha hana uhuru kamili wa kukataa anachopangiwa na aliyemkomboa. Hata hivyo, waliomchagua walijiuliza swali ambalo sisi leo tunaliacha pembeni tunapochagua madaktari wa kusomea ubingwa: huyu tukimsomesha, atamtibu nani, na wapi?

Utaratibu wetu unajulikana. Daktari humaliza shahada ya miaka 5 na mwaka 1 wa utarajali, husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, hufanya kazi, kisha huomba nafasi ya uzamili Muhimbili, Bugando, KCMC, Dodoma au kwingineko. Chuo hutazama alama na vyeti. Marekani, tangu mwaka 1952, waombaji hupanga hospitali wanazozitaka, hospitali nazo hupanga waombaji, na mfumo mmoja wa kitaifa huzioanisha orodha hizo. Wengi wetu tukilinganisha huuonea wivu mfumo huo. Kwangu, tofauti nzito zaidi ni nyingine: kule daktari aliye kwenye mafunzo ya ubingwa ni mwajiriwa mwenye mshahara, hapa ni mwanafunzi anayelipiwa ada. Kwa hiyo ni lazima kwanza aruhusiwe kuacha kazi, na mchujo wetu huanza mapema sana, kabla kamati ya chuo haijafungua jalada la kwanza.

Chukua daktari wa hospitali ya wilaya katika Mkoa wa Tabora. Anatoka zamu, anakaa na kuandika barua ya kuomba ruhusa ya masomo: kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri, kupitia kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, kupitia kwa Mganga Mfawidhi. Mganga Mfawidhi anaisoma. Anajua kwamba simu ikilia saa nane za usiku, mama amekwama kwenye uchungu na mapigo ya moyo wa mtoto yanashuka, huyu ndiye atakayeingia thieta bila kutetemeka. Akiondoka miaka 3, nani ataingia? Barua inabaki mezani. Simlaumu mfawidhi, analinda wagonjwa alio nao leo. Lakini tazama matokeo yake. Daktari ambaye kituo kinaweza kuendelea bila yeye hupata ruhusa upesi, na yule anayebeba kituo mabegani hunyimwa kwa sababu ya umahiri wake mwenyewe. Chekeche linabakiza makapi na kudondosha punje.

Serikali imeongeza ufadhili wa masomo ya ubingwa kupitia mpango unaobeba jina la Rais Samia, na hilo limewaondolea wengi mzigo wa ada. Ufadhili huo, hata hivyo, haumfikii ambaye barua yake haijatoka mezani.

Kuna watakaosema alama ndizo ngao ya mgonjwa: daktari dhaifu akipewa kisu ataua. Ni kweli, na kiwango cha chini kisiguswe. Ninachopinga ni kuligeuza daraja la kuvukia kuwa ngazi ya kupangia watu. Wawili wakishavuka kiwango, tofauti ndogo ya wastani walioupata chuoni miaka 6 iliyopita haituambii nani kati yao ni daktari bora leo. Upasuaji aliokwisha kuufanya, maamuzi aliyoyafanya peke yake usiku, ushuhuda wa wauguzi waliosimama naye, hayo yanatuambia. Wapagazi wa Kinyamwezi walipofunga safari kwenda pwani, kirangozi wa kutangulia msafara alitoka miongoni mwao: mtu aliyeijua njia, visima, na hongo ya kila mtemi. Uzoefu wa njia ulihesabiwa kuwa elimu.

Shirika la Afya Duniani lilipotoa miongozo yake mwaka 2010, na kuihuisha mwaka 2021, lilipendekeza wanafunzi wenye asili ya vijijini wapewe kipaumbele, kwa kuwa wao ndio wenye uwezekano mkubwa wa kurudi kufanya kazi huko. Naukubali ushauri huo, ila Atiman ananizuia kuufanya sheria. Hakuwa mtu wa Karema, wala hakuwa na ndugu huko. Mizizi aliiotesha kwa kuoa na kukaa. Mwombaji kutoka Moshi aliyetumikia Sikonge, mkoani Tabora, miaka 5 ana dai zito kuliko mzaliwa wa Sikonge ambaye hajarudi tangu sekondari.

Mafunzo yenyewe nayo yanaweza kusogezwa. Chuo cha Madaktari wa Upasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kilichoanzishwa mwaka 1999, hufundisha madaktari wakiwa kazini katika hospitali zilizoidhinishwa. Njia hiyo, ikifika hospitali za Kitete na Nkinga mkoani Tabora kwa wakufunzi wa kutosha, ingempunguzia mfawidhi hofu ya kubaki na thieta tupu. Kambi za madaktari bingwa zinazozunguka wilayani ni msaada wa kweli, lakini siku zao zikiisha wanaondoka, na anayeugua wiki inayofuata anasafirishwa Mwanza.

Fomu ya maombi ya uzamili huuliza nani atalipa ada. Iulize pia hospitali gani inamngoja mwombaji; hospitali hiyo imtolee ushuhuda wa kazi aliyoifanya, na itamke kwa sahihi ya mfawidhi nini atakikuta akirudi: thieta, mashine ya usingizi, damu. Bingwa akirudi asikute mashine ya usingizi, ataondoka tena, na safari hiyo hataomba ruhusa.