Baba, Mama na Mfuko wa Unga

Wazee wengi hulalamika kwamba watoto wa siku hizi hawamsikilizi baba. Kabla ya kuwahukumu, tuangalie habari za nyumba zetu za Katanga.

Zamani, kwa Walamba na Wabemba, mtoto alikuwa wa ukoo wa mama yake. Mjomba alikuwa na neno kubwa juu yake. Mvulana alijifunza kazi kwa kuwafuata wanaume, msichana kwa kumfuata mama, na shamba la mama liliwalisha wote.

Union Minière iliundwa mwaka 1906, ikayeyusha shaba yake ya kwanza Lubumbashi mwaka 1911. Mwanzoni ilitaka wanaume peke yao, kwa miezi michache. Wengi walikufa kwa magonjwa, wengine wakatoroka. Basi, kuanzia 1928 hivi, kampani iligeuza shauri: mkataba wa miaka 3, na mtu aje na mke wake. Kampani ilitoa nyumba kambini, dawa, mahali pa kuzalia, na shule zilizoongozwa na Wabenedikto. Ilitoa pia posho ya mke na ya watoto, kwa jina la baba.

Mjomba alibaki mbali kijijini. Baba akawa bwana wa nyumba. Mama, aliyekuwa mwenye shamba, sasa alingoja mfuko wa unga. Mtoto alisoma ili kesho aingie kazini kama baba yake.

Lakini nguvu hiyo ya baba ilitoka mkononi mwa kampani. Mwaka 1967 kampani iliyoitwa baadaye Gécamines ilishika mahali pa Union Minière. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ulibomoka, na miaka iliyofuata mishahara ilikawia miezi mingi. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliacha kazi kwa malipo ya mara moja. Mama akarudi shambani na sokoni. Watoto nao wakachuuza, wakachimba mawe. Aliyeleta unga alianza kusema nyumbani.

Basi tusishangae. Heshima iliyofungwa ndani ya mfuko wa unga huisha pamoja na unga. Lakini baba aliyekaa na watoto wake, akawasikiliza na kuwafundisha, hata leo, mikono mitupu, wanamwita baba. Na mama aliyeibeba nyumba miaka ile ya njaa, apewe neno lake mbele ya wote.