Kinu cha Kinshasa na Vipimo vya Uvira

Wanaosimulia historia ya sayansi ya nyuklia Kongo huanzia Kinshasa, na sababu wanazo. Juni 1959, mwaka mmoja kabla ya uhuru, kinu cha TRICO kiliwashwa katika Chuo Kikuu cha Lovanium, chini ya rekta wake Monsinyori Luc Gillon, padri aliyekuwa pia mwanafizikia. Kilikuwa kinu cha kwanza barani Afrika. Nguvu yake ilikuwa kilowati 50 tu. Kazi yake ilikuwa kufundishia, kufanyia utafiti na kutengenezea isotopu, na hakikuwasha taa ya nyumba yoyote. Kilitoka Marekani, nchi iliyokuwa imechukua urani ya Shinkolobwe, kule Katanga, kuundia bomu lililoangushwa Hiroshima mwaka 1945. Lakini ukiitazama historia hiyo kutoka Lusenda, huko Fizi, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, hesabu inabadilika. Utafiti wa serikali uliomgusa mtu wa Fizi ni ule usiopigiwa picha: kupima maji, joto na mitetemeko ya ardhi. Nao ndio uliotupwa mkono mapema.

Utafiti huo ulikuwa na kwake, tena karibu. Mwaka 1947 serikali ya Ubelgiji ilianzisha IRSAC, taasisi ya utafiti wa kisayansi ya Afrika ya Kati, ikaweka makao yake Lwiro, kaskazini mwa Bukavu, na tawi la utafiti wa ziwa huko Uvira. Lwiro walisikiliza ardhi, Uvira wakasoma maji. Georges Marlier, aliyefanya kazi Uvira, aliacha jina lake kwa samaki mdogo wa miambani, Julidochromis marlieri, aliyeandikwa rasmi mwaka 1956. Kazi yenyewe ilikuwa ya kuchosha. Mashine ya kupima mitetemeko ya zama hizo ilikuwa na pipa linalozunguka polepole, limevikwa karatasi. Kila siku lazima mtu aje abadilishe karatasi, aandike tarehe, asahihishe saa. Akikosa siku moja, siku hiyo imepotea milele, hairudishwi na fedha za mwaka ujao. Ndiyo maana utafiti wa namna hii unahitaji mshahara usiokatika kuliko unavyohitaji majengo, na majengo ya Lwiro, kwa kweli, ni mazuri mno.

Katikati ya miaka ya 1970 IRSAC iliunganishwa na taasisi nyingine chini ya Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, na Lwiro ikajulikana kama CRSN, kituo cha utafiti wa sayansi asilia. Jina lilibadilika, watu wakabaki, mishahara ikaanza kukatika. Hata hivyo faida ya vipimo vya zamani ilikuja kuonekana mwaka 2003, watafiti walipolinganisha joto la ziwa na takwimu zilizoanzia 1913, wakaonyesha kwamba maji yamepata joto, tabaka za juu na za chini hazichanganyiki kama zamani, na chakula cha samaki kimepungua. Mvuvi wa Lusenda anayerudi alfajiri na ndagala wachache hahitaji kuambiwa kwamba samaki wamepungua. Asichoweza kukijua peke yake ni kiasi gani cha upungufu kinatokana na nyavu na kiasi gani kinatokana na joto, na jibu hilo halipatikani bila watu waliokwisha kutumbukiza vipimajoto ziwani kabla yake.

Watetezi wa kinu watasema ninakionea, kwa kuwa kilizaa wanafizikia na kiliipa Afrika nafasi katika sayansi ngumu. Ni kweli, na sitabisha. Mwaka 1972 kilifuatiwa na TRICO II, chenye megawati moja, chini ya kituo kinachojulikana kama CREN-K. Ila tuangalie na upande wa pili. Nondo mbili za mafuta ya nyuklia ziliibwa kituoni, moja ikaja kukamatwa Italia mwaka 1998, ya pili haijapatikana. Tangu 2004 kinu chenyewe kimesimama. Sayansi yenye fahari nayo ilikufa kwa ugonjwa uleule wa Lwiro, yaani fedha isiyodumu. Tofauti ni kwamba kinu kikisimama dunia nzima inauliza, lakini karatasi ya Lwiro ikikosekana hakuna anayejua.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: watu wa Fizi wanataka umeme, takwimu wataziweka wapi? Waasi wa mwaka 1965, Che Guevara akiwa nao kwenye milima ya Fizi, walishambulia kituo cha umeme wa maji cha Bendera. Hata waasi walijua thamani ya mtambo wa umeme. Lakini mtambo wa maporomoko hausanifiwi kwa kuangalia mto siku moja ya masika. Anayetaka kujenga kwenye mto kama Mutambala anahitaji miaka mingi ya vipimo vya maji, kiangazi na masika, la sivyo atajenga mashine itakayokosa maji Agosti au itakayosombwa Aprili. Na hata vipaneli vidogo vya sola vinavyochaji simu mjini Baraka, mahali pa jenereta za mazutu, ni watoto wa fedha za serikali: seli hizo zilikuwa ghali mno mpaka mpango wa anga wa Marekani ulipozinunua, na setilaiti ya Vanguard 1 ikazipeleka angani Machi 1958, miezi 15 kabla ya TRICO kuwashwa.

Haja ya vipimo ilionekana tena miaka ya karibuni, ziwa lilipojaa. Mwaka 2021, kisha 2024, maji yalipanda yakaingia nyumba za ufukweni Uvira na kusini kwake, kwenye ukanda uleule uliokuwa tayari unabeba wakimbizi wa Burundi walioletwa Lusenda tangu machafuko ya 2015. Hilo nalo lilikuwa na historia iliyoandikwa: ziwa lilipanda sana miaka ya 1870, likapanda tena mwanzoni mwa miaka ya 1960. Asiyeisoma historia hiyo hupima kambi, barabara na masoko kwa jicho, kwa kufuata mahali maji yalipo mwaka anaojenga.