Upandaji upya wa Msitu wa Mau

Upandaji upya wa Msitu wa Mau ni kazi ya kurudisha miti katika msitu wa milimani wa Kenya ambamo Mto Mara unaanzia. Mto huo, wenye urefu wa kilomita 395 hivi, hupita Maasai Mara na Serengeti, kisha wilaya za Tarime na Serengeti mkoani Mara, Tanzania, na kuishia Ziwa Viktoria. Mwaka 2001 zaidi ya hekta 60,000 za Mau ziliondolewa katika hifadhi ili zigawiwe watu, na ukataji ukazidi.

Kupanda miti hakutoshi kurudisha makazi ya wanyama; la msingi ni aina ya miti. Mkaratusi hukua haraka na hupunguza ukataji wa kuni msituni, hivyo una nafasi mashambani. Ndani ya msitu, hata hivyo, hunywa maji mengi na hauleti vichaka na mianzi anavyotegemea swala aitwaye bongo. Mitarakwa na mipodo hukua polepole, lakini hurudisha msitu wenye tabaka, unaohifadhi maji ya kiangazi yanayowafaa nyumbu wa Maasai Mara na Serengeti.

Wapo wanaodai kwamba msitu hauponi bila kuwaondoa wakazi wote. Lakini mwaka 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, jijini Arusha, iliamua kwamba Waogiek, wakazi wa asili wa msitu huo, walifukuzwa Mau kinyume cha haki, na kwamba hawakuwa chanzo cha uharibifu huo. Urejeshaji, basi, unahitaji miti ya asili pamoja na walinzi wake wa asili.