Matao ya Shangani na Masanduku ya Kasulu

Jumba la posta aghalabu husifiwa kwa uso wake. Mpita njia hutazama matao, nguzo na mlango mkuu, akatambua kuwa hapo serikali ilitaka kuonekana. Lakini iko sehemu nyingine ambayo wasifu wa majengo huisahau, nayo ni ukuta wa visanduku vidogo vya chuma, kila kimoja na nambari yake na kufuli lake. Katika Afrika ya Mashariki barua kwa desturi haikupelekwa mlangoni pa mtu, ilingoja kufuatwa. Kwa hiyo ukuta huo ndio kiini cha jengo lote. Historia ya posta katika nyanda za juu za Kigoma, yaani Kasulu na Kibondo, haisomeki vema ila kwa kuanzia hapo, maana huko matao hayakufika, lakini visanduku vilifika.

Matao yalianzia pwani. Posta ya India ilifunguliwa Unguja mwaka 1868, ikafungwa mwaka uliofuata, ikafunguliwa tena mwaka 1875. Wafaransa walikuwa na posta yao hapo tangu 1889 hadi 1904, na Wajerumani nao waliweka wakala wao kwa muda mfupi kati ya 1890 na 1891. Mwezi wa Novemba 1895 posta ya India iliingia katika mikono ya serikali ya Unguja. Haikuwa ajabu basi kwamba, baada ya mashindano hayo, serikali ilitaka jumba la kuwaonyesha watu kwamba posta sasa ina mwenyewe. Jumba hilo lilijengwa Shangani yapata mwaka 1906, na mchoraji wake alikuwa J. H. Sinclair, mtumishi wa serikali ya Kiingereza ambaye baadaye alikuwa Balozi Mkazi wa Unguja.

Sinclair ndiye aliyechora pia Mahakama Kuu na Jumba la Makumbusho la Amani. Mtindo wake ulichanganya mambo ya Kiarabu na ya Kihindi na kanuni za ujenzi wa Ulaya, kana kwamba utawala mgeni ulitaka kuvaa kanzu ya mwenyeji. Katika posta mtindo huo ulikuwa na faida mbili. Tao na baraza vilitoa kivuli kwa watu waliongoja zamu yao. Na papo hapo vilimwambia mwenye kungoja kwamba yu mbele ya dola. Wajerumani nao walikuwa wametangulia kufanya kama hayo Dar es Salaam, walipojenga posta yao mbele ya bandari yapata mwaka 1893. Jengo hilo limebadilishwa sura, lakini jina la Posta ya Zamani limebaki vinywani mwa watu wa mji.

Majumba yote mawili yalisimama karibu na maji, kwa kuwa barua zilizothaminiwa zaidi zilikuja kwa meli. Bara ilikuwa nyuma ya jengo. Umbali wa nyuma hiyo waweza kupimwa kwa mfuko mmoja wa barua. Stanley alipomkuta Livingstone Ujiji mwaka 1871, alikuja pamoja na mfuko ulioandikwa tarehe 1 Novemba 1870. Ulikuwa umetoka Unguja ukakwama Unyanyembe, na mwenyewe Stanley alihesabu kwamba ulimfikia mwenyewe baada ya siku 365. Mchukuzi wake alikuwa mtu ambaye Stanley aliandika jina lake Kaif-Halek. Posta yote ya bara wakati ule ilikuwa miguu ya watu kama huyo.

Reli ya Kati ilipofika Kigoma mwaka 1914, umbali ule ulipunguzwa kuwa safari ya siku chache, na Kigoma ikapata stesheni yenye fahari. Vita vikafuata. Wabelgiji walishika Kigoma na Ujiji tangu 1916 hadi 1921, na stempu za Kongo zikapigwa chapa juu yake, kwa Kifaransa na Kiflemi, kutangaza utawala wao. Kisha Waingereza wakaja na stempu zao, na mwaka 1933 posta za Kenya, Uganda na Tanganyika zikaunganishwa. Dola zilibadilika juu ya bahasha. Njia ya kupanda Buha ilibaki ile ile. Kutoka Kigoma hadi Kasulu ni karibu kilometa 90 za vilima, na mwenye kwenda Kibondo alikuwa bado na mto Malagarasi wa kuvuka.

Nani basi alihitaji barua katika nchi za Heru na Bushingo, Muhambwe na Buyungu? Jibu limo katika mashamba ya mkonge. Utawala wa kikoloni uliifanya Buha kuwa ghala ya wafanya kazi. Kodi ilidaiwa kwa fedha, na fedha ilikuwa mbali. Tangu 1944 ofisi ya wenye mashamba ya mkonge, iliyojulikana kwa jina la SILABU, iliandika watu na kuwasafirisha kwa mikataba hadi pwani, nao wakaitwa manamba kwa sababu kila mmoja alipewa nambari. Mume akiwa Tanga na mke akiwa Kasulu, ndoa yao ilitegemea karatasi. Asiyejua kuandika alimtafuta mwenzake anayejua. Na kule nyumbani barua ilisomwa na mwalimu au katekista, mbele ya watu, hata siri ikawa habari ya kijiji. Wala anwani haikuwa ya nyumba. Ilikuwa ya misheni, ya shule au ya baraza, pamoja na herufi tatu, S.L.P., kisha nambari, kisha Kasulu au Kibondo.

Hapo ndipo ukuta wa visanduku unapoeleza yale ambayo matao hayaelezi. Mtu aliyegeuzwa nambari shambani alitafutwa na jamaa zake kwa nambari nyingine, ya sanduku. Nambari ya kwanza ilimtoa kwao; ya pili ilimrudisha, japo kwa maneno tu. Katika nyanda zile kisanduku kimoja cha shule kiliwatumikia watu wengi ambao hawakupata hata mara moja kushika ufunguo wake.

Haja hiyo haikwisha na mkonge. Kambi ya Nyarugusu ilipofunguliwa wilayani Kasulu mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi wa Kongo, na kambi za Warundi zilipokuwako Kibondo, watu waliopotezana walitafutana kwa barua za Msalaba Mwekundu. Hizo ni karatasi zisizofungwa, zenye habari za jamaa peke yake, nazo hupelekwa kwa mkono. Hazina stempu wala sanduku. Ni kazi ile ile ya Kaif-Halek, ila aandikiwaye si tena mgeni mashuhuri. Ni mama anayeuliza kama mwanawe yu hai.

Mji Mkongwe wa Unguja uliandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na ni haki matao yake yatunzwe. Lakini mwenye kutunza posta hana budi kutunza pia masanduku yake, madaftari ya hawala na mihuri ya vituo vidogo vya bara. Siku hizi fedha hutumwa kwa simu ya mkononi, na daftari la hawala huonekana kama takataka za ofisi. Likitupwa, jumba la Shangani litaendelea kusimama na kupigwa picha, ila hapatakuwa na njia ya kujua ni akina nani wa Kasulu na Kibondo waliopeleka shilingi nyumbani, lini, na kwa nani.