Eropleni Isiyotoka Chumbani na Tarehe ya Mashine Zake

Miongoni mwa watu wanunuao kompyuta kwa ajili ya mchezo, hakuna kaumu yenye masharti na mabishano mengi kama marubani wa nyumbani, ambao huketi mbele ya kioo wakarusha eropleni zisizotoka chumbani. Mpenzi wa kandanda ya kompyuta akiingia dukani huuliza bei ya kadi ya picha, akalipa, akaenda zake. Rubani wa nyumbani huuliza kasi ya prosesa, idadi ya viini vyake, ukubwa wa akiba yake ya ndani na kasi ya kumbukumbu, kisha hurudi kwake kutafakari mwezi mzima. Watu humcheka, lakini mimi naona ana haki, kwa maana masharti yake hayakuzuka kwa ukaidi. Ameyarithi, na kila moja lina tarehe yake.

Asili ya jambo hili ni kongwe kuliko kompyuta. Edwin Link, aliyekulia katika kiwanda cha baba yake cha kuunda vinanda huko Binghamton, katika jimbo la New York, alikamilisha mwaka 1929 kijieropleni kilichokazwa juu ya tako lisiloondoka, kikainama na kugeuka kwa nguvu ya mivuo ileile iliyovuvia vinanda vya baba yake. Jeshi halikumjali, na baadhi ya vyombo vyake vya mwanzo vilinunuliwa na viwanja vya burudani. Hata mwaka 1934, jeshi la anga la Marekani lilipoamrishwa kuchukua barua katikati ya majira ya baridi, na marubani wasiozoea kuruka kwa kutazama saa za chomboni badala ya upeo wa macho walipoanza kufa ukunguni na thelujini, ndipo wakubwa walipokumbuka chombo cha yule mwana wa fundi vinanda, wakanunua 6. Vita Vikuu vya Pili vilipokwisha, vyombo vyake vilivyokwisha kuundwa vilizidi 10,000. Tangu mwanzo, basi, eropleni ya uongo imeundwa kwa vipuri vilivyokusudiwa kazi nyingine, na hali hiyo haijabadilika hata leo.

Mwaka 1975 Bruce Artwick, mwanafunzi wa uhandisi katika Chuo Kikuu cha Illinois, aliandika tasnifu iliyothibitisha kwamba kompyuta ndogo yaweza kuchora papo kwa papo mandhari aionayo rubani. Miaka michache baadaye shirika lake, subLOGIC, liliuza programu ya urubani kwa kompyuta ya Apple II, ambayo prosesa yake ilikwenda kwa kasi ya megahezi 1 tu, wala haikuwa na amri ya kuzidisha. Kila palipohitajika kuzidisha namba mbili, na katika kuchora ardhi inayozunguka haja hiyo haina kikomo, mtunzi alilazimika kuipata hesabu kwa kujumlisha na kusogeza tarakimu hatua baada ya hatua. Ardhi ilikuwa mistari, na mlima ulikuwa pembetatu. Mnunuzi wa zama hizo hakuwa na hiari ya vipuri: mwenye Apple II aliruka, asiyekuwa nayo alitazama.

Hiari ilikuja kwa mlango wa uani. Mwaka 1982 Microsoft ilitoa Flight Simulator kwa kompyuta ya IBM, yenye prosesa ya megahezi 4.77, na kwa kuwa kila chembe ya nguvu ilitakiwa, diski ya programu hiyo iliiwasha mashine yenyewe bila kupitia mfumo wa kawaida, ikaviamrisha vyombo vya ndani moja kwa moja. Makampuni mengine yalipoanza kuunda kompyuta za kufanana na ya IBM kwa bei nafuu, wanunuzi walitaka kujua ni ipi iliyofanana kweli na ipi iliyojipaka rangi. Wakatia diski ya Flight Simulator, na ile ya mahesabu ya biashara iitwayo Lotus 1-2-3. Ikiwa eropleni ilionekana imesimama katika kiwanja cha Meigs, kando ya ziwa huko Chicago, mashine ilikubaliwa; ikiwa kioo kiliganda, ilirudishwa kwa mwenyewe. (Kiwanja chenyewe kilichimbuliwa kwa matingatinga usiku mmoja wa Machi 2003, kwa amri ya meya wa mji, nacho hata sasa kinatuliwa na watu wasiopata kufika Chicago.) Kwa hiyo sharti la kwanza la mnunuzi lilikuwa ulinganifu, na mchezo ndio uliotoa hukumu juu ya vyombo vya kazi.

Miaka ya tisini naipita kwa haraka, kwa sababu kila toleo jipya lilikuwa zito kuliko lililotangulia na kila mashine mpya ilionekana imechoka. Jambo moja halifai kuachwa: mwaka 1996 ilitoka kadi ya Voodoo ya 3dfx, iliyojua kuchora picha zenye kina tu na kuhitaji kadi ya pili kwa kazi za kawaida, mbili hizo zikiunganishwa kwa waya nyuma ya sanduku. Kwa wachezaji wengine kadi za namna hii zilimaliza ubishi. Kwa rubani zilimaliza nusu, kwani kabla ya picha kuchorwa, sharti upepo ukadiriwe, mafuta yapunguzwe, bawa lipimwe linabeba kiasi gani, na ndege nyingine zilizo angani zisogezwe. Na kazi hiyo yote ilibaki kwa prosesa.

Mwezi wa Oktoba 2006 ikatoka Flight Simulator X, na hapa yafaa tukae kidogo, maana karibu kila sharti la rubani wa leo lilizaliwa na programu hii. Ilijengwa katika zama ambazo kasi ya prosesa ilipanda kila mwaka bila kukoma. Mtu aliyeiona Pentium ya megahezi 66 mwaka 1993, akaiona Pentium 4 ya gigahezi 3.8 mwishoni mwa 2004, hakuwa mpumbavu kutarajia gigahezi 6 au 8 baada ya miaka michache. Lakini joto lilikataa. Katika vuli hiyohiyo ya 2004 Intel iliufuta mpango wake wa Pentium 4 ya gigahezi 4, na viwanda vikaiacha njia ya kasi vikashika njia ya wingi, viini viwili, kisha vinne, katika kipande kimoja. Ilipotoka Core 2 mwezi wa Julai 2006, ile iliyokuwa bora kupita zote ilikwenda kwa gigahezi 2.93, ikaishinda Pentium 4 kwa umbali.

Programu ile, basi, ilizaliwa katika dunia isiyokuwa ile iliyotazamiwa. Hesabu zake kubwa zilikwenda katika msururu mmoja wa amri, kwani huwezi kujua eropleni itakuwa wapi dakika ijayo bila kujua kwanza iko wapi sasa, na msururu mmoja hukaa katika kiini kimoja. Mwenye viini vinne alikuwa na kimoja kinachotoka jasho na vitatu vinavyotazama. Sanduku la programu lilidai kuwa prosesa ya gigahezi 1 yatosha; aliyeliamini aliitua ndege yake kwa picha zilizogandagana. Marekebisho ya mwaka 2007 yalivipa viini vingine kazi ya kupakia sura ya ardhi, nayo yakaleta nafuu, ila msururu mkuu haukugawanyika.

Hapo ndipo desturi zilipoanza. Rubani alijifunza kupuuza idadi ya viini na kuulizia kasi ya kimoja. Alijifunza kuisukuma prosesa kupita kiwango cha kiwanda, kwa kuiongezea umeme kidogo kidogo na kuifunika kwa mapezi na feni kubwa kuliko kiganja. Na Intel ilipotoa i7-2600K mwaka 2011, iliyoandikwa gigahezi 3.4 nayo ikakubali kusukumwa hadi 4.5 bila ya kelele nyingi, wengi walikaa nayo miaka. Alijifunza pia kuhariri faili la mipangilio liitwalo fsx.cfg, akiingiza mistari aliyopewa na mwenzake aliyepewa na mwingine, ambayo mingi, kwa maoni yangu, haikuwa na athari ila katika moyo wa aliyeiandika. Na kwa kuwa Microsoft iliifunga karakana iliyoiunda programu hiyo Januari 2009, hapakuwa na wa kuitengeneza upya, watu wakabaki wakinunua mashine mpya kila baada ya miaka michache ili kuiendesha vyema programu iliyozeeka.

Pesa nyingine zilipotea katika kumbukumbu. Programu ya biti 32 haiwezi kushika zaidi ya gigabaiti 4, hata ukiiwekea 16. Na rubani aliyekwisha kununua viwanja vya ziada na ndege za ziada, akaruka saa tano akikaribia kutua London, alisikia kengele ya kijiprogramu kilichomwonya kuwa nafasi imekwisha, kisha kila kitu kikafa kabla ya magurudumu kugusa ardhi. Nafuu ilipatikana kwa kuhamia programu za biti 64: X-Plane ya Austin Meyer iliyafanya hayo mwaka 2013, na Prepar3D ya Lockheed Martin, iliyotokana na Flight Simulator, mwaka 2017. Hapo ndipo mtu alipoweza kununua gigabaiti 32 asionekane mwenda wazimu.

Toleo jipya la Microsoft, lililotungwa na karakana ya Asobo ya Bordeaux, Ufaransa, lilitoka Agosti 2020 likiwa na picha za satelaiti za dunia nzima, hata mtu wa pwani yetu, aliyezoea kuona nchi yake imetandikwa majani ya kubuni, akaweza kuutafuta mtaa wake. Kadi za picha zikatukuka. Lakini juu ya miji mizito kama New York, msururu mkuu wa amri ulikuwa bado ndio unaosubiriwa.

Ufumbuzi ulitoka mahali pasipotazamiwa. Aprili 2022 AMD ilitoa Ryzen 7 5800X3D, ambayo juu ya kipande chake lilibandikwa tabaka la pili la akiba ya ndani, ikafikia megabaiti 96 badala ya 32 za nduguye wa kawaida. Kasi yake ilikuwa ndogo kuliko ya nduguye, kwa sababu tabaka lile huzuia joto, nacho kiwanda kiliifunga isisukumwe, kwa kuwa tabaka hilo halistahimili umeme mwingi. Hata hivyo, katika urubani iliziacha nyuma prosesa za kasi zaidi. Seremala ambaye randa na patasi ziko mezani pake humshinda mwenye misuli anayekwenda ghalani kwa kila msumari. Nayo programu ya urubani, inayochukua vijihesabu elfu kutoka pembe elfu za dunia yake, ilikuwa imeishi miaka yote ghalani. Watu waliotumia miaka 15 kusomea ufundi wa kusukuma prosesa wakaambiwa wanunue iliyofungwa.

Toleo la Flight Simulator la Novemba 2024 limeipindua tena orodha. Hali bora ya kumbukumbu sasa ni gigabaiti 64, lakini diski inayotakiwa ni gigabaiti 50, ambapo toleo lililotangulia lilitaka 150, kwa kuwa sehemu kubwa ya dunia haikai tena nyumbani kwa rubani bali huletwa kwa intaneti kadiri anavyoruka. Na katika masharti yaliyotangazwa, laini ya megabiti 50 kwa sekunde imependekezwa, na 100 ndiyo bora. Siku ya kufunguliwa mitambo ya kampuni ilizidiwa na umati, hata wenye prosesa ya 9800X3D, iliyotoka mwezi uleule, wakaketi wakitazama mstari wa kupakia usiosogea. Kwa rubani wa Mombasa au Dar es Salaam, orodha ya vipuri sasa yaanza na swali ambalo muuza vipuri hawezi kumjibu: faiba imefika mtaani kwake, na kifurushi chake hakina mpaka, au huhesabiwa kwa gigabaiti?