Tembo mweupe (usemi)

Tembo mweupe ni tafsiri ya neno kwa neno ya usemi wa Kiingereza "white elephant". Usemi huo hutaja kitu cha fahari ambacho gharama ya kukitunza inazidi faida yake, lakini mwenyewe hawezi kukiacha kwa urahisi. Siku hizi hutumika hasa kwa miradi mikubwa ya ujenzi, kama vile viwanja vya michezo, viwanja vya ndege, reli na hoteli, iliyokula fedha nyingi na kupata watumiaji wachache.

Asili

Tembo weupe wapo kweli, ingawa ni nadra. Huzaliwa miongoni mwa tembo wa Asia, na weupe wao si wa karatasi: ngozi huwa ya kijivu hafifu au ya kahawia inayoelekea wekundu, na ikilowa maji huonekana ya waridi.

Katika Siam (leo Thailand), Burma (leo Myanmar) na nchi jirani wanyama hao walihesabiwa watakatifu. Mapokeo ya Kibuddha husimulia kwamba malkia Maya aliota ndoto ya tembo mweupe kabla ya kumzaa Siddhartha Gautama. Mfalme aliyekuwa nao wengi alionekana amebarikiwa. Mnamo 1563 mfalme Bayinnaung wa Burma alidai tembo weupe kutoka kwa mfalme wa Ayutthaya, akakataliwa, na vita vikafuata. Bendera ya Siam yenyewe ilikuwa na picha ya tembo mweupe hadi mwanzoni mwa karne ya 20.

Kwa Kiingereza usemi huelezwa kwa kisa kifuatacho. Mfalme wa Siam akitaka kumfilisi mkuu fulani wa ikulu, alimzawadia tembo mweupe. Zawadi ya mfalme haikataliwi wala haiuzwi. Mnyama mtakatifu hafanyishwi kazi. Na tembo mzima anaweza kula zaidi ya kilo 100 za majani kwa siku. Mkuu huyo alibaki akilisha heshima hadi mali yake ikaisha. Kisa hicho kilienezwa na Wazungu, na ni vigumu kukiamini: wafalme waliopigania tembo hao hawakuwa watu wa kuwagawa ovyo. Hata hivyo kiliupa usemi maana yake, na kufikia katikati ya karne ya 19 ulikuwa umeenea Uingereza na Marekani.

Mwaka 1884 Wamarekani walipata nafasi ya kumwona mnyama mwenyewe. P. T. Barnum, mwenye sarakasi mashuhuri, alimleta kutoka Burma tembo aliyeitwa Toung Taloung. Watu walikuja wakitarajia weupe wa maziwa, wakakuta tembo wa kijivu mwenye mabaka ya waridi. Mshindani wake, Adam Forepaugh, alionyesha tembo mweupe zaidi, ila huyo alikuwa amepakwa rangi.

Matumizi

Matumizi mepesi ni ya nyumbani. Nchini Marekani "mauzo ya tembo mweupe" ni mnada mdogo wa vitu ambavyo wenyewe hawavihitaji tena, na wakati wa Krismasi watu hubadilishana zawadi za kuchekesha zisizo na kazi kwa jina hilohilo. Mwaka 1902 kocha wa besiboli John McGraw aliidhihaki timu ya Philadelphia Athletics kuwa ni tembo mweupe mikononi mwa mmiliki wake. Timu ikamfanya tembo kuwa nembo yake, na mwaka huohuo ikatwaa ubingwa wa ligi.

Matumizi mazito yanahusu fedha za umma. Uwanja wa Olimpiki wa Montreal, uliojengwa kwa michezo ya 1976, ulimalizika kulipiwa mwaka 2006, miaka 30 baadaye.

Katika Afrika Mashariki mfano unaotajwa mara nyingi ni mpango wa karanga wa Tanganyika. Serikali ya Uingereza iliuanza mwaka 1947 ili kupata mafuta ya kula baada ya vita, ikikusudia kulima mashamba makubwa huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Mvua za Kongwa zilikuwa haba, udongo ulikauka ukawa mgumu, na mibuyu iliwashinda wenye matrekta. Mpango ulifutwa mwaka 1951 baada ya kupoteza takriban pauni milioni 36. Kwa maana kamili, hata hivyo, karanga zenyewe hazikuwa tembo mweupe, kwa kuwa mpango ulioshindwa uliachwa. Anayestahili jina hilo zaidi ni reli iliyojengwa kutoka pwani ya Mtwara kwa ajili ya karanga hizo: iliendelea kuhudumiwa bila shehena ya kutosha mpaka ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Bandari ya Mtwara, iliyotokana na mpango uleule, inatumika hadi leo.

Hukumu yaweza pia kutolewa mapema mno. Jumba la Opera la Sydney lilikadiriwa kugharimu dola milioni 7 za Australia, likagharimu milioni 102 na kuchelewa miaka mingi hadi kufunguliwa mwaka 1973. Leo ni alama ya nchi nzima.

Katika Kiswahili

Tafsiri "tembo mweupe" hueleweka kwa wanaojua Kiingereza, lakini wengine huitafuta maana yake kwenye rangi. Tena pwani "tembo" ni pombe ya mnazi, kwa hiyo "ndovu mweupe" hupunguza utata. Methali ya Kiswahili husema ndovu hashindwi na mkonga wake: hapo ndovu ndiye mbebaji, ilhali katika usemi wa Kiingereza ndovu ndiye mzigo. Jengo lililoachwa bila kutumika huitwa gofu, lakini gofu halilipiwi tena na mtu; tembo mweupe bado anadai chakula.